Uso Kwenye Jalada la Kaseti

Uso ulikuwa wa Hajja Kheira. Jina lililoandikwa chini yake halikuwa lake, na nyimbo zilizokuwa kwenye kaseti ile hakuziimba yeye. Alimwambia hivyo kila aliyemuuliza, na kila aliyemuuliza alimwangalia kama anavyoangaliwa mlevi anayesema hajanywa.

Bango lilitokea Jumatatu asubuhi kwenye ukuta wa sinema ya zamani, ng'ambo ya soko la Bastille, pale mjini Oran. Lilikuwa na kimo cha ghorofa nzima. Msichana wa miaka ishirini, nywele wazi, hereni kubwa kama bangili, shingo kaigeuza kidogo kama aliyeitwa na mtu anayempenda. Chini yake maandishi mekundu: CHEIKHA YAMNA. ABAKI AU ATUPWE? NJOO UAMUE, ALHAMISI BAADA YA ALASIRI.

Kheira alikuwa na kikapu cha sardini mkononi. Alisimama katikati ya barabara hadi teksi ikampigia honi. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mjane, mama wa watoto wawili, Makka amekwenda, na tangu aolewe hakuna mwanamume wa nje aliyeziona nywele zake. Leo zilikuwa zinaonwa na soko zima.

"Hajja!" Bachir muuza samaki alimwita huku akijifuta mikono. "Kumbe miaka yote hii nagombana bei na nyota wa muziki wa rai? Si ungesema, ningekupunguzia!"

"Funga mdomo, Bachir."

"Haya, niimbie kidogo basi. Robo kilo bure."

Wenzake wakacheka. Kheira hakucheka. Alichokiona ni kwamba Bachir alipomaliza utani wake hakurudi kwenye samaki. Alibaki anamtazama, halafu anatazama bango, halafu anamtazama tena, na kicheko kikamtoka usoni polepole.

Picha aliikumbuka vizuri. Alipigwa mwaka wa themanini na saba, wiki aliyochumbiwa, kwenye studio moja ya mtaa wa Derb. Zilitoka nakala mbili tu. Moja alimpa Tayeb, mchumba wake, ambaye baadaye akawa mume, kisha marehemu, na nakala hiyo bado imo kwenye fremu chumbani. Ya pili alimpa Badra, rafiki yake wa tangu usichana.

Kaseti zenyewe alizikumbuka pia, ingawa nyumbani kwao hazikuingia. Zilikuwa nyimbo za vilabuni, za wanawake wenye sauti za mchanga na maneno ya kitandani. Ziliuzwa kwenye meza za barabarani, zikapigwa kwenye malori, zikafichwa chini ya magodoro. Mwimbaji wa kike hakuweka uso wake kwenye jalada. Angewekaje, na ana baba na kaka? Wenye kuzitoa waliweka chochote walichokipata: bibi harusi wa gazeti la Ulaya, farasi, hata chungwa. Picha yenyewe ilikuwa ndogo kama kucha, na wino wa kijani umevujia kila mahali. Mama mzazi asingemtambua mwanawe. Lakini vijana wa sasa wana mashine. Waliikuza, wakaisafisha, wakaondoa kijani, wakamtoa Kheira humo ndani akiwa mzima.

Mkuu wao aliitwa Yazid, kijana wa miwani mwenye sauti ya redioni. Kila Alhamisi chama chao kilipiga kaseti moja ya zamani mbele ya watu, wakaijadili, wakapiga kura ya mikono. Iliyobaki ilitolewa upya, ikaenda redioni na kwenye simu za dunia nzima. Iliyotupwa ilitupwa kweli. Walikuwa na pipa la bati pale jukwaani, na walikuwa wanapenda sauti ya kaseti ikianguka ndani yake.

Kheira alimfuata siku ileile. "Mwanangu, teremsha lile bango. Si mimi."

Yazid alimbusu kichwani. "Mama, tumekutafuta miaka miwili."

"Nakwambia si mimi. Uso ni wangu, sauti si yangu. Zamani walikuwa wanabandika uso wowote."

"Najua, mama. Waimbaji wachache waliobaki hai tumewafikia, na wote wametuambia maneno hayohayo. Mmoja aliapa kabisa, na mumewe yuko nyuma yake anatukonyeza." Akacheka kwa upole, na upole wake ndio uliomtisha Kheira. "Usiogope. Zama zimebadilika."

"Zimebadilika kwako."

"Njoo Alhamisi. Watu watasimama wakupigie makofi."

Asubuhi iliyofuata Lakhdar, mwanawe wa kiume, alikuta neno limeandikwa kwa rangi nyeusi kwenye mlango wa chuma wa duka lake la vitasa. Neno lenyewe halitamkiki mbele ya mama, kwa hiyo alipofika nyumbani hakulitamka. Alikaa tu sebuleni, vidole vimeingia rangi kwa kulisugua.

"Mama, niambie mara moja tu, nitakuamini."

"Si mimi."

"Wallahi?"

"Umeomba mara moja, nimekujibu mara moja."

Lakhdar alitazama mikono yake. "Wamekuja wanaume wawili dukani. Siwajui. Hawakununua kitu, hawakutukana, walikuwa na adabu kabisa. Wameuliza tu tunakaa ghorofa ya ngapi."

"Ukawaambia?"

"Nikawaambia siuzi ghorofa, nauza vitasa." Alijaribu kutabasamu, ikamshinda. "Lakini walikwenda kumuuliza jirani."

Kheira aliyajua maswali ya namna hiyo. Katika miaka ya damu, ile ya tisini, waimbaji walikuwa wanauliziwa hivyohivyo, kwa adabu, na baada ya siku chache mtu anaangushwa mlangoni pake. Miaka hiyo imepita, watu husema. Lakini aliyeuliza ghorofa wakati ule hakwenda popote. Kazeeka tu, na ana wanawe.

Jumatano akaja Lalla Zoulikha kutoka Tlemcen, kwa teksi, amevaa vizuri kama anayekwenda harusini. Mwanawe alikuwa amwoe Nawel, binti wa Kheira. Fatiha ya uchumba ilikwisha somwa na zilibaki wiki mbili kufika sherehe. Nawel alijificha nyuma ya mlango wa jikoni, na wote wawili sebuleni walimsikia anavyopumua.

"Mimi sikuhukumu, Hajja," Lalla Zoulikha alisema. "Kila mtu alikuwa msichana. Ila kwetu wanauliza."

"Nimekana."

"Umekana nyumbani kwako, na uso wako uko barabarani. Nenda kakane hukohuko. Watu wakikuamini, Jumapili tunaleta mizigo ya bibi harusi, na mdomo wangu hautalitaja jambo hili mpaka nizikwe. Wasipokuamini, bintiyo arudishe pete, tuachane bila matusi." Aliimaliza kahawa yake yote. "Kahawa nzuri. Mnaweka mdalasini?"

Alipoondoka, Nawel alitoka jikoni. Hakulia. "Mama," alisema, "kama ni wewe, mimi sioni haya. Wimbo nimeusikia kwenye simu. Nimeupenda."

Kheira alimpiga kofi. Hakuwahi kumpiga tangu akiwa mdogo.

Badra alikuwa anakaa mlango unaotazamana na wao. Mume wake alikufa zamani. Aliishi na mwanawe Kouider, muuza misala na manukato nje ya msikiti, kijana asiyepeana mkono na mwanamke wala kuvumilia muziki karibu na masikio yake. Kaswida alizivumilia. Badra na wenzake watatu walikuwa wakipiga matari na kuimba sifa za Mtume kwenye sherehe za wanawake, na Oran nzima hakukuwa na harusi ya heshima iliyofanyika bila wao. Harusi ya Nawel pia walikuwa wamekwisha iahidi.

Alhamisi mchana Badra alikuwa jikoni kwa Kheira, anamkunjia chapati za tabaka, maana Kheira hakuwa amekula tangu jana.

"Ile nakala yako ipo?" Kheira aliuliza.

"Nakala ipi?"

"Picha. Nilikupa siku ileile."

Badra aliendelea kukunja unga. "Ilipotea tulipohama Derb. Unakumbuka tulivyohama, na mvua ile."

"Nakumbuka. Basi itakuwa mwenye studio ndiye aliyeiuza. Mungu amsamehe, amekwisha kufa."

"Mungu amsamehe," Badra alisema. Kisha akasema, "Usiende huko, shoga yangu. Wacha wachoke. Watu husahau."

"Zoulikha hasahau."

Badra alinawa mikono kwa muda mrefu. "Basi nakwenda nawe. Hutakaa peke yako."

Kouider aliwapeleka kwa gari. Hakutaka kuingia. Alisimama kwenye mlango wa sinema, mikono nyuma, uso kautazamisha barabarani ili asione bango wala waliomo ndani. Lakhdar alikuwa amefika, amesimama ukutani. Lalla Zoulikha alikuwa safu ya tatu, mkoba mapajani. Ukumbi ulijaa. Wanawake wengi walikuwapo, wengine wa mtaani kwake Kheira, na alipopita walimpisha njia kama anavyopishwa mgonjwa.

Taa zikazimwa, kaseti ikapigwa.

Kheira alikuja na maneno yake ya kukana, ameyapanga vizuri. Hakuwa amejiandaa kwa wimbo. Filimbi mbili za mwanzi zilianza, moja inakimbilia nyingine, halafu ikaja sauti ya mwanamke ambayo haikuwa imepakwa sukari yoyote. Alikuwa anaongea na mlinzi wa geti la bandari. Anamwambia hataki kuingia, hataki kumwona mtu, anataka afunguliwe upana wa kiganja tu ajue kama meli imekwisha ondoka, ili aende nyumbani akapike. Ni hayo tu. Lakini namna alivyolisema neno akapike, Kheira alijikuta ameinama mbele kwenye kiti. Alimfikiria Tayeb. Alifikiri: kumbe lilikuwapo jambo kama hili mjini kwetu, na sisi tukaliweka chini ya magodoro. Akajuta kofi la jana. Kwa kitambo kidogo alitamani iwe kweli, awe ni yeye aliyeimba.

Hapo ndipo alipohisi goti la Badra, aliyekaa ubavuni pake. Vidole vya Badra vilikuwa vinagonga gotini, polepole, na vilikuwa vinageuka kabla wimbo haujageuka. Kaseti ambayo mji ulikuwa umeisahau kwa miaka thelathini na zaidi, na vidole vile vilijua kila kona yake. Kwenye wimbo mwanamke akavuta pumzi puani, kwa nguvu, kabla ya kupandisha sauti. Kheira alikuwa ameisikia pumzi ile kwenye kila harusi tangu ahamie jengo lile, matari yakiwa hewani, kabla ya sifa za Mtume.

Taa zikawaka. Watu wakaanza kujadiliana, yeye hakusikia vizuri.

"Takataka ya vilabuni!" mzee mmoja alikuwa anapiga kelele. "Nyie mnaita urithi kwa kuwa hamkuosha matapishi yake!"

"Kaa chini, baba, wewe ndiye uliyekuwa unatapika," mwanamke akamjibu, ukumbi ukacheka.

Dereva teksi alisimama akasema nyimbo hizi zilimlea yeye kuliko shule. Mwalimu mmoja akasema wimbo ni mzuri lakini uzuri hautoshi, lazima tuulize unatufundisha nini. Wakamzomea. Ndipo Ami Benaouda, mpiga filimbi wa zamani, akainuliwa na mjukuu wake.

"Filimbi hiyo ni yangu," alisema. "Nilipuliza nyingi siku zile, nyingine za upuuzi mtupu, zitupeni. Hii msiitupe. Mwimbaji walimweka nyuma ya pazia, sikumwona. Nilisikia pumzi yake tu. Pumzi ya namna ile mtu hafundishwi."

Kheira alikuwa amegeuza uso. "Badra," alinong'ona. "Picha haikupotea."

Badra hakumtazama. "Walitaka uso. Wangu ungeniua, unamjua baba alivyokuwa."

"Na wangu?"

"Uso ulikuwa mdogo, Kheira. Ulikuwa kama kucha. Nani angekuona?" Midomo yake haikusogea sana. "Usiseme. Nakuomba kwa mkate tuliokula. Kouider akijua, sitatoka nje tena."

"Wanaosema ibaki!" Yazid aliita, na mikono ikainuka msitu mzima.

"Itupwe!"

Mikono michache ikainuka. Mkono mmoja ulikuwa wa Badra, juu kabisa, umenyooka. "Pipani!" alisema kwa sauti. "Ni aibu!" Na machozi yalikuwa yanamshuka.

Kaseti ilibaki. Yazid akamwita Hajja Kheira, akaja na kipaza sauti hadi kwenye kiti chake. Kheira akasimama. Akasema aliyoyapanga: kwamba uso ni wake, kwamba hajawahi kuimba hata kwenye harusi ya dada yake, kwamba anaapa kwa Nyumba aliyoizunguka kule Makka. Ukumbi ulimsikiliza, na ukumbi ulitabasamu. Wote. Mwanamke mmoja nyuma akaita, "Usiogope, mama, tupo nawe!" na makofi yakaanza. Kadiri alivyotikisa kichwa ndivyo makofi yalivyoongezeka.

Ami Benaouda alimwambia mjukuu wake, na kipaza sauti kikayadaka maneno yake: "Walikuwa wanakana hivyohivyo wote. Asiyekana si mwimbaji."

Kheira aliona Lalla Zoulikha anafunga mkoba wake. Aliona Lakhdar ameinamisha kichwa, na nyuma ya Lakhdar, karibu na mlango, wanaume wawili wenye adabu asiowajua.

"Kama si wewe, mama," Yazid aliuliza kwa upole, "ni nani?" Aliuliza kama anayejua kwamba swali hilo halijibiwi. Wengine wote walikuwa wamefika hapo wakanyamaza.

Badra aliushika upindo wa nguo ya Kheira, akaukunja mkononi.

"Ni huyu," Kheira alisema. "Badra wa kaswida. Picha niliyompa mimi ndiyo aliyoitoa. Sikilizeni pumzi yake."

Badra akainuka, mtandio umeteleza kidogo. Kouider pale mlangoni alikuwa amegeuka, anatazama ndani kwa mara ya kwanza.

"Si mimi!" Badra alisema. Alivuta pumzi puani, kwa nguvu. "Naapa kwa Mungu, si mimi!"

Ukumbi mzima ukasimama. Vigelegele vikapanda hadi darini, simu zikainuliwa juu ya vichwa, watu wakawa wanalia na kukumbatiana. Badra alirudia kwamba si yeye, akarudia tena, na kila aliporudia walishangilia zaidi. Kouider alipita katikati yao bila kumsukuma mtu, akamshika mama yake kiwiko, akamtoa nje. Wanaume wawili waliwapisha, kisha wakatoka nyuma yao.

Bango la Kheira liliteremshwa kesho yake. Jumapili mizigo ikaja kutoka Tlemcen, na Lalla Zoulikha hajalitaja jambo lile mpaka leo. Lakhdar alipaka rangi mlango wa duka, na wateja wamerudi. Nawel aliolewa kwa muziki wa kipaza sauti, maana waliobaki wa kikundi cha kaswida hawakukubali kuingia kwenye nyumba ile. Hakumkumbatia mama yake alipoondoka. Hupiga simu siku za sikukuu.

Wimbo unapigwa redioni kila siku. Kwenye ukuta wa sinema wamebandika picha nyingine, waliyoipiga Alhamisi ile: Badra, mtandio umeteleza, mdomo wazi, anakana.

Badra mwenyewe yumo nyumbani. Kouider alibadilisha kitasa jioni ileile, na kitasa hakukinunua kwa Lakhdar. Siku za kwanza Kheira aligonga, akaweka sahani ya chapati mlangoni, akaikuta jioni palepale. Matari manne yaliuzwa, maana hakuna harusi ya heshima iliyowaita tena. Wenzake watatu, mmoja anaosha ngazi za majengo, mmoja amehamia kwa dada yake, wa tatu anaomba msikitini. Mwezi wa Shaabani mlango ule ulivunjwa kwa mateke saa ya adhuhuri, na watu wa jengo wote walisema hawakusikia. Badra aliumizwa shingo. Hakufa. Daktari amesema atakula, atatembea, na ataweza kunong'ona.

Hayo ndiyo yaliyolipwa: rafiki mmoja, nusu ya binti, riziki ya wanawake wanne, na sauti.